Ua Likifa Wiki ya Tatu, Umeuza Nini? Maoni Yangu kwa Wanaouza Begonia Mtandaoni

Wauzaji wenzangu wa Chanika, Mbagala, Gongo la Mboto na popote mnaposoma ukurasa huu, leo naomba niwakwaze kidogo. Natanguliza radhi.

Mada ni begonia. Siku hizi kila nikifungua Instagram nakutana nazo. Majani ya zambarau yenye mstari wa fedha, majani ya madoa meupe kama yamerushiwa chokaa, picha imepigwa kwenye meza nyeupe, na chini yake maneno yale yale: "Mzigo mpya umeingia. Hazihitaji matunzo. Zinakaa hata chumba kisicho na dirisha. Bei inboksi."

Sentensi nne fupi na kila moja ina tatizo lake. Ya bei inboksi nitaigusa mwishoni maana hiyo inanichefua hata kwenye viatu na mashuka. Hizo nyingine tatu ndizo zinazoua biashara ya maua mtandaoni, na nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilizitumia.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiyetaka kusoma mpaka chini asipate shida: begonia iliyoshuka kwenye gari jana haifai kupostiwa leo. Ikae kwako wiki tatu kwanza. Na kati ya wateja wanaokuomba ile yenye majani ya rangi kali, wengi ungewauzia kitu kingine wangekushukuru.

Sasa niwape kisa. Nilichukua pesa ya kikoba, nikaongeza na akiba yangu kidogo, nikaagiza begonia 40 aina ya rex kutoka milimani Lushoto. Zilifika asubuhi. Jamani zilikuwa nzuri! Majani mapana kama sahani, hakuna hata moja lenye doa. Nikazipanga chini ya mwembe, nikapiga picha kabla jua halijawa kali, nikaweka kwenye status na kwenye magrupu mawili ya WhatsApp. Siku nne tu, 26 zimeondoka. Nikajiona nimepata biashara ya maisha. Nikaanza hata kupiga hesabu ya kurudisha pesa ya kikundi kabla ya muda.

Wiki ya pili simu ya kwanza ikaingia, mama mmoja wa Temeke. "Mwanangu, lile ua mbona linalala? Nalimwagilia kila siku asubuhi na jioni." Wiki ya tatu wakawa 11. Mmoja alinitumia video fupi bila maneno, kopo tu na shina limelainika kama ndizi iliyooza. Na zile 14 zilizobaki kwangu? Tano ndizo zilizopona. Nilirudisha pesa za watu saba, wanne nikabishana nao, na hao wanne ndio ninaowajutia mpaka leo, kwa sababu walikuwa sahihi. Pesa ya kikoba niliilipa kwa kuuza kuku.

Kilichotokea ni hiki. Lushoto iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku kuna baridi, mchana joto la wastani. Rex inapenda nyuzi 18 hadi 24 hivi. Unaitoa huko, unaipakia kwenye gari giza na joto, unaishusha Dar ambapo kuanzia Desemba hadi Machi mchana ni nyuzi 30 na zaidi, halafu siku ya pili unaifunga kwenye boda inapigwa upepo na jua mpaka Sinza, inaingia sebuleni kwenye feni au kiyoyozi, na mwenye nyumba kwa mapenzi yake anaijaza maji. Mmea umehama nyumba tatu ndani ya siku tatu. Hata binadamu angeugua.

Mmea huo haufi palepale. Majani ya begonia yana maji mengi ndani, kwa hiyo unaweza kuishi kwa akiba wiki mbili ukionekana mzima huku mizizi imeshaoza. Ndiyo maana muuzaji anapata muda wa kusema "ulipoondoka kwangu ulikuwa mzima." Ni kweli ulionekana mzima. Ila ulishaanza kufa ukiwa kwako.

Kwa hiyo, wiki tatu. Sisi wa Chanika tuna bahati ambayo mtu wa Kariakoo hana: nafasi na miti. Kivuli cha mwembe au mkorosho kinachopitisha mwanga wa matone matone ni kizuri kuliko neti ya kununua. Weka meza au ubao juu ya matofali, usiziweke chini kabisa, konokono na maji ya mvua vitakusumbua. Ziache nafasi ya kupitisha hewa, majani yasigusane. Usizipandishe kopo jipya wiki ya kwanza. Usizitie mbolea. Maji kidogo. Majani mawili matatu ya chini yataanguka, yaache yaanguke, huo ndio mmea unavyojizoeza. Ikitoa jani jipya hapa hapa Chanika, likakomaa likiwa na rangi yake, hapo piga picha. Jani hilo jipya ndilo ushahidi wako kwamba mmea umekubali hali ya hewa ya Dar.

Najua mtu ataniambia: wiki tatu pesa imelala, na nyingine zitafia kwangu. Ni kweli. Tupige hesabu ya mfano tu, bei utaweka za kwako. Tuseme begonia moja mpaka ikae kwenye kopo zuri imekugharimu 8,000, unauza 15,000. Umeuza tatu mara tu zilipofika, faida 21,000. Moja ikafa kwa mteja ukarudisha 15,000, umebaki na 6,000. Sasa chukua njia ya pili: umezilaza wiki tatu, moja imefia kwako, umeuza mbili kwa 30,000, toa gharama ya zote tatu 24,000, umebaki na 6,000. Hesabu ni ile ile! Tofauti ni kwamba njia ya kwanza umetoka na wateja wawili na adui mmoja anayekusema kwenye grupu la mtaa wao, na njia ya pili umetoka na wateja wawili basi. Halafu ile iliyozoea unaweza kuipandishia bei na ukajieleza vizuri kwa nini. Mimi napandisha. Mteja anayeuliza "mbona mwenzako anauza chini" namwambia mwenzangu kaishusha jana.

Turudi kwenye aina, maana neno "begonia" ni kama neno "samaki". Duniani kuna spishi zaidi ya 2,000. Kwa muuzaji wa Dar mimi nazigawa kwa uvumilivu wa joto tu.

Zile zenye shina la pingili kama mwanzi mdogo, majani yamekaa kama bawa la ndege, hizo ndizo zetu. Zinavumilia joto kuliko rex, zinakua haraka, maua yanashuka kama vishada. Ile ya madoa meupe ambayo watu wanaigombania, Begonia maculata, asili yake Brazili, iko kwenye kundi hili. Mgeni wa maua muuzie hii. Halafu zipo zile ndogo zenye majani yanayong'aa kama yamepakwa nta, zinatoa maua mekundu, meupe au ya waridi karibu mwaka mzima. Hizi zinafaa barazani penye jua la asubuhi, bei yake ndogo, zinazaana kama mchicha. Watu wanazidharau kwa sababu hazina picha kali. Mimi ndizo zinazonilipia bando.

Rex ni ya mtu mwenye uzoefu au mwenye chumba chenye ubaridi wa asili. Na zile za kiazi chini, zenye maua makubwa kama waridi, mnazoziona kwenye video za Ulaya, achaneni nazo kwa Dar. Zinataka usiku wa baridi. Utatupa pesa.

Sasa hili la "chumba kisicho na dirisha." Hakuna begonia inayoishi gizani. Inataka mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja: karibu na dirisha la mashariki, au mita moja kutoka dirisha lenye pazia jepesi. Ikikosa mwanga shina linarefuka, linakonda, majani yanakuwa mbalimbali na rangi inafifia. Mteja akikwambia ofisi yake haina dirisha, usimuuzie begonia. Muuzie zamioculcas, ile ya majani manene yanayong'aa ambayo wengi mnaijua kama ZZ. Hiyo inavumilia giza na kusahauliwa maji mwezi mzima. Na uzuri wake ni mmea wa kwetu huku, asili yake ni Afrika Mashariki na kusini kidogo, inaota yenyewe kwenye misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Zanzibar. Waholanzi ndio walioizalisha kwa wingi miaka ya 1990, leo iko kwenye ofisi za dunia nzima. Kumwambia mteja "hii haikufai, chukua ile" kunauza kuliko tangazo la kulipia. Sijui kwa nini tunaogopa.

Tuje kwenye udongo na maji, maana hapa ndipo begonia nyingi za Dar zinapokufa.

Udongo wa shamba peke yake ndani ya kopo unashikana kama tofali. Begonia ina mizizi myembamba, inataka hewa. Mchanganyiko wangu ni makumbi ya nazi yaliyochambuliwa sehemu mbili, samadi iliyooza kabisa au mboji sehemu moja, na chenga za mkaa na mchanga wa mto sehemu moja. Makumbi yaloweke na kuyasuuza mara mbili tatu, hasa ukiyatoa kwa watu wa pwani, kwa sababu yanaweza kuwa na chumvi. Mchanga wa baharini usiuguse kabisa. Kopo liwe na matundu chini. Narudia kwa wale wanaouza kwenye vyombo vizuri vya kauri visivyo na tundu: hicho ni chungu cha kupikia mmea. Ukitaka chombo kizuri, weka begonia kwenye kopo lake lenye matundu, kisha liingize ndani ya chombo, na umwambie mteja amwage maji yanayobaki chini.

Maji ya kisima, jamani. Huku kwetu wengi tunategemea visima, na baadhi vina chumvi unayoionja kwenye chai. Ukimwagilia begonia hayo maji mwezi mzima, pembe za majani zinakauka na kuwa kahawia, udongo juu unapata ukoko mweupe. Wateja wanadhani ni ugonjwa. Kinga maji ya mvua. Masika na vuli zikija, pipa moja chini ya bati linatosha kwa miche mingi. Kama huna, basi angalau mara moja kwa mwezi mwagilia maji mazuri mengi yapite mpaka chini yaoshe chumvi.

Na kumwagilia kwenyewe: kidole. Zamisha kidole mpaka kiungo cha kwanza. Pakiwa pabichi, ondoka. Pakiwa pakavu, mwagilia asubuhi, kwenye udongo, sio juu ya majani. Mama yule wa Temeke hakuwa mzembe. Mimi sikumwambia. Nilimwandikia "hazihitaji matunzo," yeye akaamua kuitunza kwa kila alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni maji.

Tangu siku hiyo kila kopo langu linatoka na karatasi ndogo ya kuandika kwa mkono, mistari mitano. Iweke wapi, maji lini, usimwagie majani, usiweke mbele ya feni au kiyoyozi, weka mbali na paka, mbwa na watoto wadogo. Hilo la mwisho wauzaji hawalisemi. Begonia ina chembechembe zinazowasha mdomo na koo zikitafunwa, na sehemu ya chini ya ardhini ndiyo kali zaidi kwa wanyama. Sio sumu ya kutisha watu wasinunue, lakini mwenye paka ana haki ya kujua kabla hajalipa.

Sehemu ninayoipenda kwenye kazi hii sasa ni kusoma picha za wateja. Mteja akikutumia picha, usikimbilie kujitetea, iangalie. Majani ya chini ya njano na udongo umelowa: maji mengi, mwambie aache kumwagilia, atoe maji kwenye kisahani, asogeze penye hewa. Pembe za majani kahawia na kavu: chumvi, au upepo wa kiyoyozi. Mabaka makavu katikati ya jani upande unaotazama dirisha: jua limeunguza, jani hilo halitapona ila mmea utapona. Shina limelainika pale linapoingia udongoni na linanuka: mizizi imeoza, hapo usidanganye mtu. Mwambie akate kipande cha juu ambacho bado ni kigumu, aondoe majani ya chini, akiweke kwenye glasi ya maji. Nimeokoa begonia za pingili nyingi kwa njia hiyo, na mteja akiona mizizi mipya kwenye glasi baada ya wiki mbili tatu anakuwa shabiki wako kabisa, anapiga picha anakutag.

Vidudu vyeupe kama pamba kwenye maungio ya majani: futa kwa pamba yenye spiriti, rudia kila baada ya siku chache, na mmea utengwe.

Unga mweupe juu ya jani ni kitu kingine. Wenye mikorosho mnaujua ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoshambulia maua ya korosho mpaka watu wanapuliza salfa. Begonia nayo ina ubwiriunga wake. Ni jamii nyingine ya ukungu, kwa hiyo usilaumu mkorosho wako. Unakuja mimea ikibanana na hewa ikiwa nzito. Kata majani yaliyoshikwa, yachome au yafukie mbali, tenganisha makopo. Salfa ya mikorosho usiikimbilie, kwenye joto kali inaweza kuunguza majani laini kama haya. Na usiuze mmea wenye unga huo hata kwa nusu bei. Unampelekea mtu ugonjwa kwa maua yake mengine yote.

Haya, sasa mbegu. Hapa nawakwaza wengine tena. Kuna watu wanauza pakiti za "mbegu za begonia ya bluu" na "begonia ya upinde wa mvua." Nunua ukitaka, lakini jua hili: mbegu ya begonia ni ndogo kama vumbi. Ukifungua pakiti ukaona punje unazoweza kuzihesabu kwa kidole, kubwa kama za mchicha au pilipili, sio begonia. Na ua la begonia la bluu halisi halipo. Kuna begonia moja ya misitu ya Malaysia, Begonia pavonina, ambayo majani yake yanang'aa bluu yakiwa kivulini kwa jinsi yanavyorudisha mwanga, lakini hiyo ni jani, na haiko kwenye pakiti ya elfu mbili. Muuzaji anayeposti picha hiyo ya kompyuta anatuharibia soko sote, maana aliyetapeliwa mbegu hatanunua hata mche wa kweli.

Badala ya mbegu, zalisha mwenyewe. Mama mmea mmoja mzuri wa pingili, kata vipande vya sentimita 10 hadi 15 vyenye pingili mbili au tatu, chomeka kwenye mchanganyiko mbichi kivulini. Rex unazalisha kwa jani: geuza jani, chanja mishipa mikubwa kwa wembe safi, lilaze juu ya mchanganyiko uliolowa, likandamize kwa vijiti, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Baada ya wiki kadhaa vinaota vitoto kwenye michanjo. Utasubiri miezi kabla ya kuuza, lakini huyo ni mtoto aliyezaliwa Chanika, hajui baridi ya Lushoto. Mimi zile rex tano zilizopona sikuziuza. Watu walizitaka, nikakataa. Karibu rex zote ninazouza leo ni watoto wao. Ukiuza mama mmea kwa sababu mteja kapanda dau, umekula mbegu.

Wanaovusha miche kutoka Nairobi kwa mabasi wakiificha kwenye mabegi, mnajijua. Mimea inayovuka mpaka inatakiwa kuwa na vibali vya afya ya mimea, na kwetu anayesimamia hilo ni TPHPA. Sio urasimu tu. Mdudu mmoja mgeni akiingia kwenye kopo, hasara ni ya mkulima asiyejua hata begonia ni nini.

Na msiende kuchimba msituni. Nalisema kwa sababu nimeona mtu akitangaza "begonia pori za Amani." Ndiyo, Tanzania ina begonia zake za asili. Ipo Begonia meyeri-johannis inayopanda juu ya miti kwenye misitu ya milimani, ipo Begonia sutherlandii ya maua ya rangi ya chungwa ambayo inapatikana kuanzia Afrika Kusini mpaka huku kwetu. Lakini Amani ni msitu wa hifadhi, na mmea uliozoea ukungu wa Usambara ukiuleta Chanika Januari unaupeleka kaburini. Kama unataka hadithi ya kusimulia kwenye posti yako, simulia ile ya ua dogo la zambarau la Usambara ambalo Wazungu wanaliita urujuani wa Afrika. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya huko Tanga, alilikuta mwaka 1892, akatuma kwao. Leo liko kwenye madirisha ya nyumba dunia nzima, na sisi tunaliagiza kama la kigeni. Jina la begonia lenyewe limetoka kwa Mfaransa Michel Bégon. Mtaalamu wa mimea Charles Plumier ndiye aliyempa heshima hiyo. Wateja wanapenda vitu hivi. Posti yenye kisa inasomwa, ya "mzigo mpya" inapitwa.

Kuhusu dhamana. Natoa siku 14. Ikifa ndani ya siku hizo, mteja anitumie picha ya kopo zima na udongo, sio jani moja lililosogezwa karibu, nampa nyingine, usafiri anajilipia. Wenzangu wananiambia watu watanichezea. Wapo, nimekutana nao wawili. Mmoja alinitumia picha ya ua ambalo hata sio langu, kopo nalijua. Lakini hao wawili hawajanigharimu kama wale wanne niliobishana nao. Kama begonia yako imekaa wiki tatu na imetoa jani jipya, dhamana ya siku 14 haikutishi. Inamtisha anayeuza ya jana.

Usafiri nitaupitia haraka. Mwagilia siku moja kabla, sio siku ya safari. Boksi la biskuti au la maji linafaa, jaza karatasi za magazeti pembeni kopo lisicheze, toboa matundu, andika upande wa juu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, usimpe mteja ua ndani ya mfuko wa magendo. Kutoka Chanika hadi Kinondoni boda kwa ua moja inakula faida yote, kwa hiyo mimi nina siku mbili za kushuka mjini, nakutana na watu Gongo la Mboto au Buguruni. Asiyeweza kusubiri siku hizo analipa boda yake, na boda mwambie boksi likae mbele yake, sio nyuma kwenye jua.

Bei, nimeahidi. Iandike kwenye picha. Ukiandika "inboksi" unadhani unamvuta mteja aje mzungumze, kumbe yule mwenye aibu na mwenye 15,000 yake kamili mkononi anapita. Mimi nikianza kuandika bei, maswali yalipungua na malipo yakaongezeka.

Nina nafasi ya mama mimea wengine wa pingili, hasa wenye madoa meupe. Mwenye mmea uliozoea Dar, sio ulioshuka jana, anayekata vipande kwa bei ya jumla, aandike hapa chini eneo lake, bei ya kipande, na picha aliyopiga leo ikiwa na gazeti la leo pembeni. Nitakuja mwenyewe kuangalia mizizi.